Abiria wa Ghafla

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake halitajwi hapa kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la kutolea kibali hicho lilifungwa kwa matengenezo mwaka uleule lilipofunguliwa. Ni nchi nzuri. Watu wake wanajuliana hali, mvua yake inanyesha inapotaka, na Halmashauri ya mji wake mkuu inawapenda wananchi kiasi cha kuwatungia sheria ndogo hata pale ambapo hawajakosea.

Siku moja Mstahiki Meya wa mji huo alijikuta kando ya barabara, mvua ikimnyeshea. Gari lake la kazi lilikuwa limempeleka mbuzi wa mkewe kwa daktari wa mifugo. Akapunga mkono. Teksi tupu ikampita, ikaenda kusimama hatua ishirini mbele yake kumchukua bibi kizee mmoja aliyekuwa na kuku kwapani. Meya akaikimbilia huku viatu vikimwaga maji.

"Samahani, mheshimiwa," dereva akamwambia. "Huyu bibi nilimwahidi tangu jana."

Neno hilo "jana" lilimwuma Meya kuliko baridi. Wiki haikuisha, Sheria Ndogo Namba 88 ikawa imepitishwa, imechapwa na kubandikwa kwenye miti yote ambayo ilikuwa bado haijakatwa. Meya aliieleza mwenyewe uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, "mji uliostaarabika hauchanganyi abiria. Yupo abiria wa ghafla na yupo abiria wa miadi. Hawa ni viumbe wawili, kama kuku na bata. Abiria wa ghafla ametoka nyumbani kwake bila wazo la safari, na safari ikamkuta njiani. Huyo atapanda teksi. Abiria wa miadi anaijua safari yake mapema. Huyo atapanda gari jeusi la kukodi, aliloliomba kwa maandishi saa ishirini na nne kabla. Dereva wa teksi atakayembeba mtu wa miadi atakuwa ameuchafua mji, na mji ni mama yetu."

Watu walipiga makofi sana, maana malori ya Halmashauri yalikuwa yamewafuata majumbani ili waje kupiga makofi.

Magari meusi yenyewe hayakuwapo. Leseni zake zilipaswa kutolewa na Kamati ya Miadi, na Kamati ya Miadi ilikuwa haijakutana, kwa sababu wajumbe wake walishindwa kukubaliana siku ya kukutana. Wanawake wajawazito walipouliza wafanye nini uchungu ukiwashika, Mwanasheria wa Halmashauri alijibu redioni kwa upole kwamba mimba ni taarifa ya miezi tisa, na mtu aliyepewa taarifa ya miezi tisa hawezi kudai kuwa ameshtukizwa.

*

Katika mji huo aliishi dereva wa teksi aliyeitwa Pazi Mwinshehe. Alikuwa ameendesha teksi miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo egesho lake lilikuwa lilelile, mbele ya bucha la Mtaa wa Ndege. Egesho lilikuwa na magari kumi na moja, benchi moja la mninga la kusubiria abiria, na desturi moja: gari la mbele ndilo linalobeba, na gari la mbele halimkatai mgonjwa, awe na nauli au asiwe nayo. Desturi hiyo haikuandikwa popote, na huenda ndiyo sababu ilifuatwa.

Mke wake, Salha, alikuwa na ugonjwa wa figo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi, alitakiwa kuwa hospitali, alazwe kando ya mashine imsafishe damu kwa saa nne. Siku hizo ziliandikwa kwenye kadi ya kijani. Mabasi yalikwishamshinda, kwa kuwa miguu yake ilivimba na ngazi za basi ni ndefu. Gari la wagonjwa lilikuwa moja tu mjini, nalo lilikuwa likimhudumia mbuzi wa mke wa Meya, ambaye hali yake ilikuwa bado haijatengemaa. Kwa hiyo Pazi alimpeleka mwenyewe. Muuguzi wa pale alimwambia mara moja, na mara moja ilitosha.

"Mzee Pazi, akikosa siku moja tutahangaika. Akikosa mbili tutamwomba Mungu."

Sheria ilipotoka, Pazi aliichukua kadi ya kijani, akaenda nayo Halmashauri. Karani aliigeuza pande zote mbili.

"Mzee wangu, mama anajua atasafiri lini?"

"Anajua. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu atakapoamua."

"Basi huyu ni mtu wa miadi kuliko wote waliowahi kufika kwenye dirisha hili," karani akasema kwa heshima. "Apande gari jeusi."

"Yako wapi hayo magari meusi?"

"Yanakuja."

"Mimi gari ninalo, kijana wangu. Na mke ni wangu."

"Gari lako ni teksi, mzee. Ukimpakia, anakuwa mke au anakuwa abiria?"

Pazi akafikiri. "Anakuwa mke."

"Teksi haina leseni ya kubeba wake," karani akasema, akamrudishia kadi kwa mikono miwili, maana alilelewa vizuri.

*

Pazi alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Salha alikuwa amekaa jikoni akichambua mchicha, miguu ameiweka juu ya ndoo.

"Wanataka nini hasa, Baba Tunu?" akauliza. Tunu ni binti yao, aliyeolewa mbali.

"Wanataka abiria asiyejua kwamba atasafiri. Mkaguzi anasimama pale daraja la mto, anauliza abiria kama ameshangaa. Ana fomu kabisa, inaitwa Fomu ya Mshangao. Unachagua: umeshangaa kidogo, umeshangaa kiasi, umeshangaa mno."

Salha akacheka mpaka mchicha ukamwanguka. "Ni hilo tu? Basi nitashangaa."

Jumatatu iliyofuata Pazi alitangulia egeshoni. Baada ya nusu saa Salha akatokea kwenye kona ya bucha, akitembea polepole, amejitanda kanga yake ya kutokea. Hakubeba mkoba, kwa sababu mkoba ulikuwa ushahidi wa nia. Kadi ya kijani aliifunga kiunoni. Akasimama mbele ya gari la mumewe kama mtu aliyeona twiga sokoni.

"Kaka, teksi hii ina mtu?"

Madereva wote wakageuka. Pazi akasafisha koo. "Haina, dada. Unakwenda wapi?"

"Sijui hata. Nilitoka tu kutazama hali ya hewa." Akafungua mlango wa mbele, akakaa, akateremsha kioo, maana alipenda upepo. "Nipeleke popote. Hata hospitali si mbaya."

Mtoro, dereva wa gari la pili, mtu wa maneno, akapiga boneti kwa kiganja. "Pazi, huyo mwanamke mtazame sana. Wanawake wa ghafla ndio hao wanaobaki."

Wakawa wanafanya hivyo mara tatu kwa wiki. Jumatano moja Salha alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka bara, anauliza bei za viwanja. Ijumaa moja alikuwa mjane anayetafuta mume.

"Wewe una mke, kaka?"

"Ninaye."

"Mzuri?"

"Ana maneno."

"Mwache, nichukue mimi. Mimi kimya kama maji ya mtungini."

"Dada, wewe tangu bucha mpaka hapa hujanyamaza."

Na ni hivi: miaka thelathini na moja nyuma, Salha alipanda teksi ya Pazi kwa makosa, akidhani ni ya mjomba wake, akamgombeza kwa kuchelewa mpaka nusu ya njia ndipo akautazama uso wa dereva. Sasa Halmashauri ilikuwa imewarudishia asubuhi ile, mara tatu kwa wiki, na bila kujua. Pazi alianza kunyoa ndevu kila siku ya mashine. Salha alianza kupaka wanja. Ukitaka kusema kweli, na hadithi hii inataka, hawakuwahi kuwa na ndoa nzuri kuliko miezi ile minne ya kwanza ya Sheria Ndogo Namba 88.

*

Mkaguzi wa pale darajani aliitwa Afisa Ndimbo. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi wa Nia, Daraja la Pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na filimbi, kofia iliyompwaya, na imani ya dhati kwamba kama abiria wote wa mji wangesema ukweli kuhusu mshangao wao, maendeleo yangekuja.

Kila alipowasimamisha, Salha alimjibu kwa furaha, "Nimeshangaa mno, mwanangu," na Ndimbo akaweka alama ya vema.

Lakini figo hazikuwa zikipona. Mwezi wa tano Salha alipungua, sauti ikawa nyembamba. Akawa anafika kwenye kona ya bucha na kushika ukuta kwanza. Vitunguu na mjane vikaisha, likabaki swali lake la kwanza tu: kaka, teksi hii ina mtu?

Jumatatu moja walipofika darajani alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea bega la Pazi. Ndimbo akainama dirishani na fomu yake.

"Mama, shikamoo. Umeshangaa?"

Salha akafumbua macho. Akamtazama Ndimbo, akamtazama mumewe. Pazi alimwona akiutafuta mshangao kama mtu anayetafuta funguo kwenye nguo alizokwisha kuzivua.

"Marahaba," akasema. "Leo sina nguvu ya kushangaa, mwanangu. Huyu nimemzoea."

Ndimbo alitamani asingesikia. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya jibu, na jibu lilikuwa limetolewa. Akapuliza filimbi kidogo, karibu kwa aibu, na teksi ya Pazi ikapelekwa yadi ya Halmashauri pamoja na leseni yake. Siku hiyo Salha alifika hospitali mgongoni mwa mumewe, muuguzi akiwa ameizuia mashine kwa kumdanganya daktari.

Kesho yake picha ya Salha ikabandikwa kwenye kila egesho la mji. Chini yake paliandikwa: ABIRIA SUGU WA MIADI. ASIBEBWE.

Picha ilikuwa ile ya kitambulisho, ya zamani, akiwa na mashavu. "Wamenipendezesha," akasema.

Jumatano Mtoro alikuwa gari la mbele. Alimwona Salha kwenye kona ya bucha, akaiona na picha kwenye nguzo, akaenda akafungua mlango.

"Mtoro, baba, watakunyang'anya gari," Salha akamwambia.

"Shemeji, gari la mbele halimkatai mgonjwa. Panda, nina haraka ya kunyang'anywa."

Alipopuliziwa filimbi darajani hakusimama. Alimfikisha Salha mpaka kwenye geti la hospitali, kisha akarudi mwenyewe darajani akamkabidhi Ndimbo funguo. Ijumaa alikuwa dereva wa tatu. Jumatatu wa nne. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo, wala hawakulizungumza kwenye benchi. Kila siku ya mashine egesho lilipungua gari moja, mpaka wiki ya nne mbele ya bucha likabaki benchi tu, na wanaume kumi na moja wamekaa juu yake na kando yake, wakitazama lami iliyo wazi.

Siku ya mashine iliyofuata walimpeleka kwa mkokoteni. Ni kilomita tisa. Walifika saa tatu na nusu, na mashine ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

*

Tangu siku teksi ilipochukuliwa, shauri lilikuwa mahakamani. Wakili wa Pazi na wenzake aliitwa Bi Chausiku, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa ameishitaki Halmashauri mara saba na kushinda mara sita, bila kuona chochote kikibadilika isipokuwa miwani. Aliamini kuwa mara ya nane itakuwa tofauti. Watu kama hao wapo katika kila nchi, na Mungu awatunze.

Jaji aliamuru abiria aletwe mbele yake. Hati ya kuitwa ilitaja siku na saa, kwa hiyo ilikuwa miadi, kwa hiyo hapakuwa na gari la kumleta. Madereva wakalibeba benchi la egesho mabegani, Salha akiwa juu yake. Mlangoni askari aliuliza kama benchi lile lina leseni ya kubeba watu, Mtoro akamwambia ni ushahidi, na ushahidi ukaruhusiwa kupita.

Mwanasheria wa Halmashauri alianza.

"Mheshimiwa Jaji, tukiruhusu teksi kumbeba huyu mama leo kwa kuwa ni mgonjwa, kesho itambeba mwalimu kwa kuwa anafundisha, keshokutwa itambeba mtu yeyote kwa kuwa anataka kufika. Tutafika wapi, Mheshimiwa, ikiwa kila mtu atafika?"

Bi Chausiku akasimama. "Mheshimiwa, Halmashauri ina uwezo wa kutoa leseni. Haina uwezo wa kuamua nani ashangae. Tena gari jeusi wanalotuambia tulipande halipo. Nimeomba orodha yake, nikaletewa karatasi tupu yenye mhuri."

Karatasi ikapokelewa kama kielelezo. Kisha Mwanasheria akamgeukia Salha.

"Mama, unakubali kwamba safari zako zote unazijua mapema?"

"Zote, baba."

"Hakuna hata moja ya ghafla?"

Salha akafikiri kidogo. "Imebaki moja," akasema. "Siku yake siijui, wala saa. Hiyo nadhani teksi inaruhusiwa kunibeba."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, si kwa pamoja, ila mmoja mmoja. Jaji aliandika kitu, akakifuta. Akasema shauri ni zito na linagusa misingi ya taifa, na kwamba hukumu itasomwa baada ya siku arobaini.

"Mheshimiwa," Bi Chausiku akasema, "tunaomba zuio la muda. Hata gari moja tu. Mke wa mteja wangu hana siku arobaini."

"Ombi la zuio lina fomu yake," Jaji akasema kwa huruma. "Fomu hizo zimeagizwa."

*

Siku hizo arobaini Pazi aliamka kila alfajiri ya mashine, akamfunga mkewe kanga, akampakia kwenye mkokoteni. Siku nyingine waliwahi. Siku nyingine mvua iliwazuia njiani. Wiki ya tatu walikosa Jumatatu, na Jumatano wakakosa tena. Muuguzi alikuja nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, akamshika Salha mkono, akanywa chai, akaondoka bila kusema neno juu ya mashine.

Alhamisi, mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa limeingia chumbani mpaka kwenye mkeka, Salha alifumbua macho. Pazi alikuwa amekaa kando yake kwenye kigoda.

"Kaka," akasema, "teksi hii ina mtu?"

Pazi akasafisha koo kama siku ile ya kwanza egeshoni.

"Haina, dada. Unakwenda wapi?"

"Sijui hata."

"Panda. Kaa mbele." Akainuka, akafungua dirisha ili upepo uingie. "Nimekushushia kioo."

Salha akatabasamu, akageuza uso kwenye upepo. Na kweli ikawa ya ghafla.

Jeneza lilichelewa saa mbili kutoka nyumbani kwa sababu ya swali la kisheria, libebwe na gari gani. Kifo kilikuwa cha ghafla, Afisa Ndimbo alieleza huku akitazama chini, lakini maziko yalipangwa saa kumi, kwa hiyo ni miadi. Mtoro na wenzake hawakungoja jibu. Walilichukua jeneza mabegani, na Ndimbo, baada ya kusimama peke yake kwa muda, aliivua kofia iliyompwaya akaenda kushika upande ulioelemewa.

*

Siku ya arobaini hukumu ilisomwa. Ilikuwa na kurasa mia moja na kumi na mbili, na ilikuwa nzuri. Jaji alisema sheria ile inakinzana na akili ya kawaida, ambayo ingawa haijaandikwa popote katika sheria za nchi, mahakama imewahi kuisikia ikitajwa. Magari kumi na moja yarudishwe. Na Pazi Mwinshehe apewe Kibali Maalumu cha kumbeba Salha binti Kombo, kwenye kiti cha mbele, kwa miaka mitano.

Bi Chausiku akasimama. Miwani ilikuwa imefunga ukungu. "Mheshimiwa, mke wa mteja wangu amefariki."

"Mahakama inatoa pole," Jaji akasema, na alimaanisha. "Lakini hukumu hii niliiandika akiwa hai. Haiwezi kubadilishwa na matukio."

Kibali kilikabidhiwa kwa sherehe, kukiwa na hema na soda. Meya, ambaye alikuwa ameshindwa kesi, aliupokea ushindi huo kwa niaba ya wananchi. Alisema leo ni siku ya furaha kwa akina mama wote wenye figo. Kisha katibu akamsomea Pazi masharti. Kiti cha mbele kisikaliwe na mtu mwingine yeyote. Na kibali kitumike kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenda hospitali na kurudi, la sivyo kitafutwa pamoja na leseni ya teksi.

"Umeelewa, mzee?"

"Nimeelewa," Pazi akasema.

Basi Jumatatu alinyoa ndevu. Saa kumi na mbili na nusu alitoka egeshoni, kiti cha mbele kitupu, kioo kimeshushwa. Darajani Ndimbo alimsimamisha, akainama, akatazama kile kiti.

"Abiria yupo, mzee?"

"Yupo kwenye kibali."

Ndimbo akagonga mhuri. Hakuleta Fomu ya Mshangao. Pazi akaenda mpaka hospitali, akaegesha kivulini, akasubiri kwa saa nne, kisha akarudi polepole, maana siku za mashine Salha alikuwa hapendi matuta.

Abiria waliotaka kukaa mbele aliwaonyesha nyuma. "Hapa pana mtu," aliwaambia. "Ni amri ya mahakama."

Madereva walimhurumia. "Angalia sheria inavyomtesa mzee wa watu," Mtoro alisema kila gari lile lilipoondoka na kiti kitupu. "Hata kufiwa hawamwachi afiwe kwa raha."

Pazi aliwasikia. Hakuwasahihisha.

*

Mwaka wa pili mji ukapata Meya mpya, aliyeahidi kuondoa kero, na wiki ya kwanza akaziondoa. Sheria Ndogo Namba 88 ikafutwa pamoja na fomu zake, mihuri yake na vibali vyote vilivyotolewa chini yake. Kuanzia sasa mtu yeyote angepanda gari lolote, ameshangaa au hajashangaa. Watu walicheza barabarani, safari hii bila kufuatwa na malori. Kumi katika yale magari kumi na moja ya Mtaa wa Ndege yalipiga honi mpaka mwenye bucha akatoka na kisu chake mkononi kuuliza kulikoni.

"Pazi," Mtoro akaita, "umekombolewa. Kesho ukilala mpaka saa nne hakuna wa kukuuliza."

Pazi alilikunja gazeti lenye habari hiyo, akalitia kwenye mfuko wa shati.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya kutoka hospitali alipitia mahakamani, akaegesha mbele ya ngazi, akapanda mpaka kwenye dirisha la kufungulia mashauri. Bi Chausiku alikuwa pale na faili la tisa. Alimtazama Pazi, akaliona gazeti mfukoni, akavua miwani yake, akasogea pembeni kumpisha.

Karani wa mahakama alimkumbuka. "Mzee Pazi. Si wewe ndiye uliyeishinda ile sheria?"

"Ndimi."

"Na sasa imefutwa yote, haina hata herufi. Umekuja kupinga nini tena?"

"Kufutwa," Pazi akasema. "Kile kibali changu. Naomba mahakama iamuru kiendelee, na masharti yake kama yalivyokuwa."

Karani alikuwa amekaa dirishani pale miaka mingi na kuona watu wakiomba mambo mengi, lakini hakuwa amewahi kumwona mtu akiomba alazimishwe. Mwishowe akavuta fomu, akachovya kalamu.

"Mwombaji ni wewe peke yako?"

Pazi akageuka. Kule chini, mbele ya ngazi, gari lake lilikuwa limesimama juani, kioo cha mlango wa mbele upande wa abiria kimeshushwa mpaka mwisho.

"Hapana," akasema. "Andika tuko wawili."